Mrejesho: fimbo zangu za gofu za zamani
Wakuu, niliuliza kama nibadilishe seti yangu ya miaka 15 au niendelee nayo. Nimejaribu mpya. Fimbo namba 7 ya seti hiyo mpya ilinipa yadi 12 zaidi, nikachekelea kama mtoto, hadi tulipopima mlalo wa uso wa fimbo (ukiwa mdogo, mpira huenda mbali zaidi, na namba ndogo huwa na mlalo mdogo): yangu nyuzi 34, hiyo mpya 29. Kumbe ni kama namba 6 iliyoandikwa 7! Fimbo zangu za chuma, hizi zenye namba, nimebaki nazo. Nimebadilisha vishikio tu, maana vilikuwa vinateleza kama sabuni. Draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, ndiyo nimenunua mpya. Kichwa chake ni kikubwa, hata nikigonga pembeni mpira haupotei sana, na mimi pembeni ndiko kwangu. Yule aliyesema nianze na vishikio, shikamoo.