Mshahara wa hoteli au patasi: mngechagua lipi?

Mwana wa Langoni
Assalamu alaikum. Mimi ni karani wa stoo katika hoteli moja huku Shela, Lamu, mwaka wa sita sasa. Makato yakishatoka nabaki na 24,000 hivi. Jioni na siku ya mapumziko nachonga nakshi: marufaa ya kuwekea msahafu, fremu za vioo, mara moja moja mlango. Ufundi nimeupata kwa ami yangu, na nikishika patasi husahau hata njaa.

Sasa kuna mtu anayejenga kisiwani Manda ataka milango miwili ya mbao za mbambakofi. Kazi hiyo haifanyiki kwa taa ya usiku. Naona ndia tatu: nibaki nilivyo nikichonga kwa saa za kuibia, niache kazi nifungue karakana, au niombe mkataba wa msimu, Desemba hadi Machi niwe hotelini, miezi iliyobaki iwe yangu. Mama watoto asema ya kwanza. Ami asema ya pili, lakini yeye hakuna anayemdai karo.

Mahamri ya Saa Kumi
Usiache, kaka. Mimi ni karani wa shule hapa Malindi na napika mahamri na keki za oda. Ovena niliinunua kwa mkopo wa sacco, mara tatu ya akiba yangu, na wadhamini walikubali kwa sababu wanajua mshahara unapitia pale pale. Ningekwenda na sinia la mahamri mkononi, nani angetia sahihi? Ila usingizi ndio unaolipa. Naamka saa kumi alfajiri, na ikifika saa nane mchana mbele ya mafaili naona herufi zikicheza.

Fundi wa Mkomani
Mimi niliacha, na sijarudi. Lakini nawauliza, mshahara wa hoteli Lamu mnauitaje wa kudumu? 2014 kafiu, 2020 korona, waliotangulia kurudishwa nyumbani ni nani? Na kusi likivuma, Mei na Juni, kuna hoteli zinazofunga milango na wafanyakazi wakakaa barazani bila senti.

Mwaka wangu wa kwanza nilichonga vitu vya watalii tu. Aprili ilipoingia nilibaki na jahazi ndogo ndogo kumi na nne kwenye rafu, zanitazama. Walioniokoa ni wenyeji: marufaa kabla ya Ramadhani, milango ya wanaojenga, vitanda vya harusi. Kwa hiyo kabla ya kuacha, hesabu wanunuzi wako wangapi hawaji kwa ndege.

Na jambo ambalo sikuambiwa na mtu: ukiajiriwa, mwajiri hukutilia asilimia 6 yake ya mshahara kwenye NSSF, akiba ya uzeeni, juu ya 6 yako. Ukijiajiri hiyo yapotea. Ya SHIF, bima ya afya, nayo walipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya 300 kwa mwezi.

Kusi Kavu
Ndia ya tatu umeigeuza juu chini, bwana. Desemba hadi Machi ndio wageni wako mjini na pesa zao. Wewe utakuwa stoo ukihesabu magunia ya mchele, wao wanapita mbele ya karakana iliyofungwa. Halafu Aprili unafungua uwauzie paka?

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kila mwaka. Zichukue wakati wa kusi. Mlango mmoja wakuchukua muda gani?

Mwana wa Langoni
Wenye nakshi ya kizingiti, miimo na mfaa, yaani ule mti wa katikati, kama mwezi nikishinda nao mchana kutwa.

Bi Barazani
Mwanangu, mkeo ameshapiga kura, hawa wengine wawatakia nini? Haya, kama lazima: mbao anunue mwenye nyumba, na nusu ya ufundi aitoe kabla hujagusa nyundo. Wa Manda wakiishiwa na pesa nyumba husimama kwenye lenta miaka. Na usiwauzie wageni wa hoteli ndani ya hoteli, utaambiwa umeiba wateja.

Fundi wa Mkomani
Bi Barazani amesema. Mimi ninao mlango mmoja wa tangu 2022, mwenyewe kanyamaza kimya.

Mwana wa Langoni
Nimeuliza ofisini. Hoteli itafunga Mei yote na Juni. Zile siku 21 watanihesabia mwanzo, zikiisha nakaa bila mshahara hadi Julai. Basi mlango wa kwanza nauanza Mei, na kazi siachi. Mteja amekubali kuleta mbao mwenyewe kupitia gati ya Mokowe. Nusu ya pesa bado twavutana.

Wa pili ataufanya ami, kwa sharti kwamba mfaa wangu aukague yeye, eti ule wa mwisho niliupinda.