Nyuki wa milimani na wa savana: kwa nini hawachanganyiki wakawa wamoja?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nyuki wa misitu ya juu ya Mlima Kenya ni weusi, wakubwa na husifiwa kwa upole, ilhali wa savana ni wadogo, wa manjano na wakali. Ikiwa umbali kati yao ni mfupi na wanaweza kupandana, kwa nini tofauti hizo hazifutiki?

Jibu la kwanza: Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha nyuki wa Mlima Kenya na Mlima Elgon na wale wa nyanda za chini, ulionyesha kwamba jenomu zao, yaani jumla ya jeni wanazorithi, zinafanana karibu kote, isipokuwa katika vipande viwili virefu, kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ya 7 na ya 9. Inaelekea vipande hivyo viligeuka kinyumenyume, na kipande kilichogeuka hakibadilishani jeni kwa urahisi na kile cha kawaida. Kwa hiyo jeni zinazofaa mazingira ya baridi hurithiwa pamoja kama furushi lililofungwa, hata makundi yanapozidi kuchanganyika.

Jibu la pili: Niongeze kwamba kipande cha kromosomu ya 7 kina jeni za vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ishara) vya oktopamini, kemikali ya neva inayohusika na kujifunza na kutafuta chakula. Kinachonivutia zaidi, pengine kuliko rangi, ni kwamba milima hiyo miwili, ingawa imetengana, ina vipande vilevile, jambo linaloashiria asili moja ya kale.

Aliyeuliza: Nashukuru. Basi mfugaji anayepandisha mizinga ya bondeni hadi mlimani huenda anapandisha pia vipande visivyofaa huko.