Naomba ushauri: nobu za amplifaya ya besi zimelegea, zinachomoka

Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu hapa Kirumba, Mwanza. Nobu mbili (vile vitufe vya kuzungusha) za amplifaya, ya sauti na ya besi, zimelegea hadi zinabaki mkononi. Ya tatu ilipotea kwenye kivuko tukienda Ukerewe, sasa tunazungusha kwa koleo kile kijiti ambacho nobu huvalishwa. Inaniuma sana, maana spika bado inalia vizuri.

Nimepima: vijiti vina kipenyo cha milimita 6, vina meno 18 na vimepasuliwa katikati. Nobu alizoniletea fundi ni za kijiti laini cha robo inchi, yaani milimita 6.35, zenye skrubu ubavuni. Zinakaa upande, na naogopa skrubu itabana ule mpasuko hadi kijiti kivunjike.

Je, nitanue mpasuko kidogo kwa ncha ya kisu, au nizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba? Gundi sitaki, siku ya kufungua ili kusafisha ndani itakuwa balaa.

Na kuna duka hapa mjini lenye nobu za meno? Hata kama ni Dar, nitalipia usafiri wa basi. Pasaka imekaribia.