Naomba ushauri: umeme wa elfu kumi haumalizi wiki

Binti Goba
Wadau, habari za jioni. Naishi Goba, nyumba ya kupanga, na mume wangu na watoto wawili. Zamani umeme wa elfu kumi ulikuwa unanisogeza mwezi mzima. Siku hizi napata kama uniti 28, na kabla ya wiki kuisha mita imeanza kulia. Nina taa, TV, friji ndogo na pasi, basi. Taa zote nimeshaweka za LED. Kuna fundi ana kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi, anasema kinapunguza matumizi kwa nusu. Kuna aliyekitumia? Nisaidieni, nimechoka kukopa hela ya luku.

Mzee wa Kibamba
Mwanangu, nyie vijana mnapikia nini? Mke wangu huloweka maharage usiku kucha, asubuhi yanaiva kwa mkaa kidogo sana. Na chai ichemshwe mara moja iwekwe kwenye chupa. Tumesomesha watoto kwa mtindo huo.

Binti Goba
Ahsante mzee, shikamoo. Mimi napikia gesi lakini.

Fundi Sakiti
Dada, kiboksi achana nacho. Ukikifungua utakuta kapasita na kitaa cha kijani. Mita ya nyumbani inahesabu umeme unaotumika kweli, na kapasita haiupunguzi.
Sasa sikiliza. Uniti 28 kwa elfu kumi maana yake umetoka tarifa ya D1, yaani bei ya wanaotumia umeme kidogo. Kule uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi unahamishwa, uniti inafika kama 356 pamoja na makato. Taa, TV na friji ndogo havikutoi D1. Kuna kitu hujakitaja.

Binti Goba
Hakuna. Labda pampu, ila haiwaki sana.

Fundi Sakiti
Pampu ipi tena?

Binti Goba
Jamani msinihukumu. Uani kuna kisima, pampu inapandisha maji kwenye simtanki. Bomba huku ni la mgawo, kwa hiyo nauzia majirani ndoo shilingi 100. Mwenye nyumba hajui. Sioni kosa, luku nanunua mimi, na hela hiyo ndiyo madaftari ya watoto. Na kiboksi nimeshalipia nusu, msiniambie tu niache.

Mama Pacha
Mwambie mwenye nyumba kabla hajaambiwa na majirani. Shangazi yangu alifukuzwa kwa jambo dogo kuliko hilo, vyombo vikalala nje. Halafu kinga maji ya mvua kwenye mapipa, na maji ya kufulia mwagia chooni. Mimi masika sigusi bomba kwa usafi.

Kitasa
Huu uzi ni wa kutunga. Kajiunga leo, na kila akijibu anarudi kwenye kiboksi. Kesho ataweka namba ya simu ya muuzaji.

Msafwa Halisi
Hata mimi nimeshtuka. Mwenye kisima anakopaje hela ya luku?

Binti Goba
Namba ya nani nimeweka? Kutwa nachotea watu maji, usiku naambiwa natunga. Mungu anaona.

Fundi Sakiti
Mwacheni, hesabu inakubali. Pampu ya hospawa moja hula kama uniti moja kwa saa. Ikiwaka saa nne kwa siku, ni uniti 120 kwa mwezi, hapo D1 imeshakwenda.
Ila dada, maji yenyewe yanalipa. Lita 1,000 ni ndoo 50, shilingi 5,000. Kila siku tenga hela ya luku kwanza, madaftari baadaye. Swali langu ni moja: pampu inawaka usiku, wakati hakuna mteja?

Binti Goba
Inawaka. Inajiwasha yenyewe tangi likishuka.

Fundi Sakiti
Basi maji yanavuja. Tia bluu ya kufulia kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa, kisha tazama bakuli.

Mzee wa Kibamba
Na bomba la uani je? Langu lilidondosha mwaka mzima nikilaumu wapangaji.

Binti Goba
Nimetia. Bakuli lote bluu. Na kweli usiku huwa nasikia maji yakichirizika humo, nikadhani ndivyo choo kilivyo.

Fundi Sakiti
Ni mpira unaoziba tundu la chini, ndani ya tangi la choo, umechoka. Ni wa bei ndogo, nenda dukani na wa zamani mkononi, saizi zinatofautiana. Usiku zima swichi ya pampu kabisa.

Kitasa
Na kiboksi?

Binti Goba
Mpira naufuata kesho asubuhi. Kiboksi fundi analeta jioni, na hela yangu hairudishi. Nitakichomeka nione.

Fundi Sakiti
Andika uniti zilizobaki kwenye mita kabla hujakichomeka, ulete hapa.