Naombeni ushauri, kuna ua nimeliona Kilifi nahisi ndo lile walosema limeisha

Habari za jioni ndugu zangu, hasa nyie mnaojua mimea. Mie niko Kisauni, mwezi uliopita nlienda kwa bibi Kilifi kule ndani, kwenye mawe ya chokaa penye kivuli nikaona ua limejibanza kwenye ufa, zambarau, katikati njano, majani yana vinyweleo kama kidevu cha kijana. Ni seintpolia kabisa, hizi za vyungu ambazo asili yake ni huku kwetu, Mjerumani alizitoa Tanga akazipeleka kwao 1892. Ya Kilifi ni ile aina yake iitwayo rupicola, iko hatarini mno, na muuza miche mmoja ananambia hapo zilishakufa zote tangu miti ikatwe. Sijang'oa kitu, nimepiga picha tu (kamera yangu nayo ina ukungu) nikamtumia mwalimu mmoja, wiki mbili kimya.

Sasa ntajuaje kama ni ya mwitu na si mche ulotoka kwenye chungu cha mtu? Na nikiwaandikia watu wa habaria (pale wanapohifadhi mimea iliyokaushwa) kwenye Makumbusho Nairobi, niwape eneo kamili au niongee kwanza na wazee wa pale? Naogopa wauza maua wakijua watabeba yote.