Saruji Mji Mkongwe: ipigwe marufuku au iachwe?

Mleta mada: Wazanzibari wanaorudi likizo kutoka Muscat, London au Toronto wakishapita Shangani na Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kauli yao ni moja: mji si ule. Baraza zimekuwa meza za vinyago, nyumba za familia zimekuwa hoteli, kuta zimepigwa saruji na rangi ya plastiki. Baadhi yao wanataka saruji ipigwe marufuku kabisa kwenye nyumba za zamani. Wakaazi mnasemaje?

Fundi Chokaa: Naunga mkono, lakini si kwa sababu ya kumbukumbu za mtu. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene kama sentimita 50 au 60. Chini hauna kizuizi cha maji, kwa hiyo unyevu unapanda na kutokea usoni, na chokaa inaupitisha. Ukipiga lipu ya saruji maji yanakosa pa kutokea. Yanazidi kupanda hadi kwenye ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta. Nje lipu inafura, ukiigonga inalia kama ngoma, kisha inabanduka kipande kizima na uso wa jiwe. Ndani boriti imeshaoza, wala huijui mpaka dari ibonyee.

Mwenye Nyumba Malindi: Sawa fundi, lakini chokaa inataka kuzimwa na kulowekwa wiki kadhaa. Saruji nanunua mfuko asubuhi, adhuhuri kazi inakwenda. Mpangaji anayedondokewa na mchanga usiku atangoja? Huyo wa Muscat anakaa wiki tatu, anapiga picha milango, anarudi kwenye kiyoyozi chake. Alete pesa za boriti basi.

Fundi Chokaa: Kungoja hakuepukiki, bwana. Ila kinachoiharibia chokaa jina ni haraka. Chokaa iliyoiva ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, na mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Kwangua viungo vya mawe kama sentimita 2, lowesha ukuta, piga lipu nyembamba, milimita 10 tu kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Mkono wa pili ungoje wa kwanza ushike. Funika kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Jua la kaskazi likiikausha mchana mmoja inakuwa unga, halafu unaambiwa chokaa haifai. Na chokaa ya mfuko uliokaa wazi miezi ni vumbi tu, haishiki tena.

Mchora Ramani: Mnagombania lipu, nyumba zinaangushwa na vyoo. Boriti za mikoko hubeba upana wa mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Juu yake kuna mawe na zege la chokaa, mzigo mzito tayari. Hoteli inakuja, kila chumba kinawekewa choo na bafu, bomba linachimbiwa ukutani, vigae juu. Kiungo kimoja kikivuja, maji yanalowesha zege miaka bila mtu kujua. Juu kunapandishwa tangi la lita 2,000: likijaa ni tani 2, na mara nyingi limekaa katikati ya dari! Tangi likae pale kuta mbili zinapokutana, bomba lipite nje ya ukuta, lionekane. Halipendezi, lakini linavuja mbele ya macho.

Mpangaji: Marufuku itamwangukia nani? Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, nyengine ni za wakfu, na nyumba moja inabeba familia kadhaa. Kodi yake haitoshi hata fundi wa paa. Na za watu binafsi? Nyumba ina warithi kumi na ushei, nusu wako nje, karatasi haisainiwi, mlango unapigwa kufuli. Masika ya kwanza bati moja linang'oka, masika ya pili boriti zimelowa. Nyumba iliyofungwa huanguka kabla ya iliyopigwa saruji. Kwa hiyo anayelalamika uwanja wa ndege kuwa mji umeharibika, aulizwe kwanza nani anasafisha michirizi ya paa la babu yake.

Mwenye Nyumba Malindi: Hapo umesema. Lakini hata hao wenye pesa na wataalamu: Beit al-Ajaib, jumba la sultani la 1883, sehemu yake ilianguka 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea. Mimi na mifuko yangu mitano ya saruji nisakamwe kwanza?

Mchora Ramani: Usisakamwe. Kibali cha hoteli ndicho kibanwe: hakuna choo kipya ghorofani bila mchoro wa mabomba na kukaguliwa kwa ncha za boriti chini yake. Sakafu ya choo cha chini, tumia saruji, haina neno. Ukutani hapana.

Mwenye Nyumba Malindi: Na boriti nizipate wapi? Mikoko haikatwi ovyo siku hizi.

Fundi Chokaa: Kwenye nyumba zilizobomoka. Ncha iliyooza ikikatwa, boriti ya mita 3 inabaki 2.5 au pungufu. Sebuleni haifiki, ila ujia wa ngazi inautosha.