Halmashauri inanidai nafasi 9 za magari, na papo hapo inafuta maegesho mbele ya mlango wangu. Nianzie wapi?

MrithiWaGhorofa

Heshima kwenu wakuu. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu humu, ila leo yamenifika shingoni.

Nimerithi jengo la ghorofa moja katikati ya mji. Chini palikuwa ghala, juu ofisi, na limefungwa tangu mzee aache biashara. Nataka chini pawe mgahawa, juu nigawe nyumba ndogo za kupangisha. Jengo limemeza karibu kiwanja chote. Nyuma umebaki uchochoro ambao hata mkokoteni unapita kwa shida.

Nimepeleka ombi la kubadili matumizi. Barua imerudi ikisema ombi "litafikiriwa" nikionyesha nafasi 9 za kuegesha magari NDANI ya kiwanja. Sasa sikieni kituko: kwenye nguzo ya taa nje ya jengo hilohilo wamebandika tangazo kwamba maegesho ya upande wangu yataondolewa ipite njia ya mabasi. Mwenye maoni ayapeleke ndani ya siku 21.

Yaani nitoe nafasi nisizo nazo, na zilizopo wanazifuta. Nipinge lile tangazo, au nikazane na kibali? Fundi ananishauri nianze kubomoa kuta za ndani kwa sababu "ndani hakuna anayeona". Na kuna jamaa pale mlangoni mwa ofisi zao amejitolea "kuisukuma" faili yangu. Nishaurini.

Kiunzi

Usiguse hata tofali moja. Hiyo "ndani hakuna anayeona" imewatia watu wengi hasara. Wakikuta ukuta uko chini kabla ya kibali, kazi inasimamishwa, unapigwa faini, na ombi lako linageuka kuwa ombi la kuhalalisha kosa. Afisa aliyekuwa tayari kukusikiliza naye anaanza kujilinda.

Jamaa wa mlangoni ni kishoka. Atakula chake na faili itabaki ilipo. Hata akifanikiwa, kibali kilichopatikana kwa njia ya panya hufutwa siku jirani mmoja akiamua kukifuatilia.

DukaLaKona

Pole ndugu. Mimi nasema pinga lile tangazo kwa nguvu zote, tena kusanya saini za mtaa mzima. Kwetu waliondoa maegesho na mauzo yangu yalishuka. Hawa watu wa mipango hawajawahi kuuza hata kiberiti maishani mwao.

MpangaMitaa

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua kama hiyo nimeziandika sana. Acha niseme kwa urefu kidogo.

Mbele yako kuna maamuzi matatu, na wewe umeyaona mawili. Kubadili matumizi ni swali la nini kinaruhusiwa hapo, na hujibiwa kwa mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lako. Kibali cha ujenzi ni swali la usalama wa jengo: ngazi, moto, maji taka, hewa. Hicho bado hujakiomba, na hupaswi kukiomba kabla la kwanza halijaisha. Tangazo la nguzoni ni la watu wa barabara na usafiri, ambao pengine hawajui kama wewe upo duniani. Usitafute njama. Idara hazisomi faili za wenzao, basi.

Sasa ile 9. Imetoka kwenye jedwali lililomo ndani ya sheria ndogo au kanuni za mipango. Mgahawa huhesabiwa kwa viti au kwa mita za mraba, nyumba huhesabiwa kwa idadi yake. Waandikie uombe hesabu yenyewe: kifungu gani, wametumia eneo gani, wamehesabu viti vingapi. Mara nyingi karani huchukua eneo lote la chini, pamoja na jiko, vyoo na stoo, akaligawa kama vile kila kona imejaa wateja.

Halafu uliza swali ambalo waombaji wengi hawaliulizi: je, matumizi ya zamani yanakatwa? Kuna miji ambayo haidai nafasi za jengo zima upya, inadai tofauti tu kati ya matumizi ya zamani na mapya. Ghala na ofisi vilikuwa na mahitaji yake kwenye jedwali hilohilo. Huenda 9 ikawa 4.

Ila hapo kuna mtego. Haki za matumizi ya zamani zinaweza kufa jengo likikaa bila kutumika kwa kipindi kilichotajwa kwenye kanuni. Umesema limefungwa. Angalia kipindi hicho leo hii, na utafute chochote kinachoonyesha lilikuwa likitumika: bili za umeme, leseni ya biashara, mkataba wa mpangaji wa juu.

Kuhusu hayo majedwali, msiyaogope kama maandiko matakatifu. Columbus, Ohio, ilidai maegesho kwa majengo ya nyumba za kupangisha tangu 1923, kisha miji mingine ikafuata, na namba nyingi zilinakiliwa kutoka mji mmoja hadi mwingine bila mtu kupima chochote. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa chuo kikuu cha UCLA huko Marekani, aliyefariki 2025, alitumia miaka mingi ya kazi yake kuonyesha udhaifu wa msingi wa namba hizo.

Na piga hesabu ya ardhi uwaonyeshe. Nafasi moja ni kama mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 9 ni mita 225 hadi 270. Kama hilo ni kubwa kuliko sakafu ya chini ya jengo lako, chora mchoro mdogo ukionyesha kwamba sharti hilo linatimizwa kwa kubomoa jengo tu. Mchoro wa namna hiyo kamati inauelewa kwa haraka kuliko kurasa tano za malalamiko.

BiHesabu

@DukaLaKona sibishi kwamba mauzo yalishuka, lakini ulijuaje ni maegesho? Wateja wako wanakuja na gari wangapi? Bristol, Uingereza, waliwauliza wenye maduka wakisie sehemu ya wateja wanaokuja kwa gari, kisha wakawauliza wateja wenyewe. Makisio ya wenye maduka yalikuwa karibu mara mbili ya ukweli. Mwenye duka anamkumbuka mteja aliyelalamika kukosa pa kuegesha. Aliyeshuka basi na kununua hakumwambia kitu.

MrithiWaGhorofa, kabla hujaandika neno lolote, kahesabu. Simama pale asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na ya mapumziko. Andika nafasi ngapi zimejaa, magari yanakaa muda gani, na ni ya nani. Usishangae ukikuta nusu ni ya wafanyakazi wa maofisi yaliyoegeshwa tangu alfajiri.

DukaLaKona

Mama, nisikilize na mimi. Wateja hata wakija kwa miguu, mzigo unakuja kwa lori. Lori likose pa kusimama, linasimama kwenye njia ya mabasi, linapigwa faini, na msafirishaji ananiongezea bei. Hilo mbona kwenye hesabu zenu silioni?

BiHesabu

Hapo umesema. Nakubali kabisa.

MpangaMitaa

Na hapo ndipo penye jibu la tangazo. Usiipinge njia ya mabasi, itumie. Andika maoni ya kuunga mkono kwa masharti mawili: nafasi ya kushushia mizigo kwa saa maalumu, tuseme kabla ya msongamano wa asubuhi, na nafasi ya watu wenye ulemavu karibu na kona. Maoni ya namna hiyo husomwa hadi mwisho. Yanayosema "tunapinga vikali" yanahesabiwa tu.

Kisha nakala ya tangazo iambatanishe kwenye ombi lako la kubadili matumizi. Hoja yako sasa ni kwamba halmashauri yenyewe imeamua watu wafike mtaa huu kwa basi, kwa hiyo kulazimisha magari 9 kwenye kiwanja hiki kunakwenda kinyume na uamuzi wake. Mpango wa London wa 2021 unaanza na majengo yasiyo na maegesho kwenye maeneo yaliyofikika vizuri kwa usafiri wa umma. Buffalo, New York, ilifuta viwango vya chini vya maegesho, yaani idadi ya nafasi ambayo jengo halipaswi kupungukiwa, mwaka 2017, na Mexico City mwaka huohuo ikaacha viwango vya chini ikaweka vya juu, yaani idadi isiyoruhusiwa kuzidi.

WakiliWaMtaani

Naongezea, na naomba mzee MpangaMitaa asinichukie: hiyo mifano ya ughaibuni iwe mstari mmoja tu. Diwani akiona London kwenye ukurasa wa kwanza anasema "nendeni basi mkaishi huko". Nukuu mpango wao wenyewe. Karibu kila mpango wa mji una sentensi kuhusu kuhuisha katikati ya mji, kuongeza makazi, kupunguza msongamano. Itafute, itaje kwa namba ya kifungu. Hawawezi kukikana walichokipitisha.

Lingine. Barua ikisema "litafikiriwa endapo", hilo si kibali wala si kukataliwa, na mara nyingi huwezi kukata rufaa juu ya jambo ambalo halijaamuliwa. Waombe watoe uamuzi. Wakikubali kwa sharti, kuna mahali unaweza kupinga sharti peke yake na kubaki na ruhusa. Wakikataa, muda wa rufaa unaanza kuhesabika. Katikati hapo ndipo watu wanapooza.

Uliza pia njia mbadala kwa maandishi. Kanuni nyingine zinaruhusu kukodi nafasi kwenye maegesho ya jirani kwa mkataba, kama ya ofisi ambayo jioni iko tupu, na mgahawa wako utajaa jioni. Nyingine zinakuruhusu kulipa ada badala ya kujenga nafasi. Ada hiyo usiikimbilie kabla hujapunguza ile 9, maana utalipia kosa lao la hesabu.

TaaNyekundu

Swali la pembeni. Maegesho ya mtaa huo yanasimamiwa na halmashauri au kuna kampuni imepewa zabuni? Kama kuna kampuni, soma mkataba. Chicago ilikodisha mita zake za kulipia maegesho, kama 36,000, kwa miaka 75 mwaka 2008, kwa dola bilioni 1.15 hivi, na tangu hapo mji ukiondoa nafasi unapaswa kumfidia mwekezaji. Tangazo la nguzoni linaweza kuwa zuri sana na lisitekelezwe kamwe kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyekuonyesha.

MrithiWaGhorofa

Wakuu, mmenipa shule. Nimekwenda masijala, nikaomba kuliona faili. Walinizungusha kidogo ila nikapewa. Mambo mawili.

Hesabu ipo kwa penseli pembeni. Wamechukua eneo lote la chini, hata ngazi za kupandia juu, wakaliita mgahawa. Na kuna kibali cha zamani cha mzee kinachoonyesha chini palisajiliwa kama duka na ghala, wala si ghala tupu.

Maegesho ya mtaa yanaendeshwa na halmashauri yenyewe, nimeuliza.

MpangaMitaa

Duka! Hicho kibali kina thamani kuliko mchoro wowote. Mahitaji ya duka huwa juu kuliko ya ghala, kwa hiyo kinachokatwa ni kikubwa. Omba nakala iliyogongwa muhuri kabla faili "halijapotea". Kisha mpe msanifu majengo kazi moja tu kwa sasa: mchoro wa sakafu ya chini unaotenga eneo la wateja na jiko, stoo, vyoo na ngazi, kila kimoja na mita zake. Usimlipe bado kwa michoro ya ujenzi.

Halafu omba kikao na afisa mipango kabla ya kamati kukaa. Nenda na karatasi moja: hesabu yao, hesabu yako, kifungu. Muulize waziwazi atapendekeza nini kwa kamati, maana madiwani wengi hufuata pendekezo la afisa. Na diwani wako mwone naye, lakini mwone kama mwananchi, mchana, ofisini kwake.

Kiunzi

Majirani je? Mgahawa chini na watu wanalala juu na pembeni. Pingamizi linalokuja mara nyingi ni la kelele na moshi. Peleka bomba la moshi juu ya paa kwenye mchoro tangu sasa, uwaendee kabla hawajasoma tangazo lako nguzoni. Wakilisikia kutoka kwako wanauliza maswali. Wakilisoma wenyewe, wanaandika barua.

MrithiWaGhorofa

Hilo nitalifanya wikiendi hii. Swali la mwisho: barua yao ina tarehe ya nyuma, mimi nimeipokea baadaye sana. Inasema nijibu ndani ya siku 30, na kwa tarehe yao zimebaki chache mno. Bahasha ninayo, ina muhuri wa posta.

WakiliWaMtaani

Usibishane nao kuhusu tarehe kabla hujajibu. Kesho peleka barua fupi: unapokea barua yao, unaomba mchanganuo wa hesabu, unaomba muda uongezwe, na unataja siku uliyoipokea. Ambatanisha nakala ya bahasha, ile halisi baki nayo. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na masijala, yenye tarehe na saini. Wakikwambia uiache tu mezani, usitoke. Na maoni ya njia ya mabasi yapeleke kwa barua tofauti, kwa idara yake, yasije yakafungiwa kwenye faili lako yakasahaulika humo.